Kesho Ukiumia, Piga Kelele

Nyamwaga, jioni ya kuamkia safari

Mwita, mwanangu,

Wewe uko chumba cha pili, mimi niko hapa mezani, na kati yetu kuna ukuta mmoja wa udongo. Nasikia unavyogeuza kichwa. Baba mwingine angenyanyuka, akaingia, akasema la moyoni mwake. Nimejaribu mara mbili tangu jua lizame, na mara zote mbili maneno yaliyonijia ni yale ya Kikurya niliyoambiwa na baba yangu, naye akaambiwa na baba yake: jikaze, mura, wewe kijana wa kiume. Ndiyo sababu nakuandikia, tena kwa Kiswahili. Kiswahili nilikipata shuleni nikiwa mkubwa, na mpaka leo siwezi kukisema bila kufikiri kwanza.

Habari za blanketi, uji na nguo za kubadili sitazigusa. Mama yako anakwenda nawe hadi Mwanza na anazijua kuliko mimi. Mimi nitaishia Musoma, kwenye ngazi ya meli. Nitakupa karatasi hizi alfajiri, kabla wabebaji hawajafika, uzisome kwa mwanga wa mlangoni. Mwanga utakuwa mwingi, maana mlango wenyewe haupo.

Naogopa, Mwita. Siogopi ziwa, wala sindano, wala kisu kama kitahitajika. Naogopa neno moja tu, neno dogo ulilonijibu leo mchana.

Tulipoung'oa ule mlango wa mvule na kuulaza uani uwe machela yako, baba yako mdogo Chacha aliupiga teke kuupima, akasema, "Haya, Mwalimu, usiku huu wezi wa ng'ombe wakija watakukuta umelala wazi na chaki yako mkononi." Vijana wa rika lako wakacheka. Tukakuhamisha kutoka kitandani na godoro lako, mgongo ukiwa umenyooka kama daktari alivyoagiza, tukakufunga kwa vitenge vya mama yako, wakakuinua kwa majaribio.

"Huyu ni chifu au ni mgonjwa?" mmoja akasema. "Ana uzito wa mafahali wawili!"

Nawe ukawajibu, "Bebeni, ninyi. Mlikula ugali wa nani mkalegea hivi?"

Nilifurahi kusikia mzaha wako. Kisha wakafika kwenye mfereji wa nyuma ya ghala, wa mbele wakashuka kabla ya wa nyuma, mlango ukainama. Nilikuwa karibu na uso wako. Niliona mdomo wako wa chini umeingia ndani ya meno, na jasho limetoka ghafla juu ya nyusi.

Nikakuuliza, "Inauma?"

Ukasema, "Sijambo, tata."

Neno lenyewe ndilo hilo. Limekaa nami mezani hapa tangu magharibi.

Nikitazama nyuma naona ugonjwa huu haukujificha hata siku moja. Ulikuja ukatuonyesha kila kitu, na sisi kwa kila kitu tulikuwa na sifa ya kuupa. Kabla ya mavuno ulikuwa unalia usingizini. Mama yako alikusikia. Asubuhi ukasema uliota fisi. Mgongo ulikuwa tayari unakuuma, lakini wazee walikuwa wamekwisha kutangaza tohara, na kijana gani wa hapa angesema anaumwa mgongo msimu huo? Wenzake wangemtungia wimbo, na wimbo wa namna hiyo humfuata mtu hadi siku anapopeleka ng'ombe wa mahari. Ulilijua hilo. Nami nililijua, nikamshukuru Mungu kwamba ni ndoto ya fisi tu.

Siku yako ilipofika ulisimama kama nguzo ya zizi. Watu wanaikumbuka mpaka leo. Hukupepesa jicho, hukuinamisha kichwa, mgongo ulikuwa mstari. Bibi yako alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nilisimama nyuma ya umati na shati langu la ualimu, machozi yakinitoka, nikasema kimoyomoyo: huyu amenipita.

Baadaye mkawa mnatembea polepole na fimbo zenu, mmepakwa unga, miguu imetanuliwa kwa ajili ya kidonda. Wewe ulikuwa wa polepole kuliko wote. Tukasema kidonda chake kikubwa. Ukitaka kuokota fimbo ulikuwa hujikunji kiunoni. Ulichuchumaa wima, ukapapasa chini, ukainuka kwa kujishika mapaja. Chacha akasema, "Tazameni mwanaume. Hainami ovyo kama wanawake wakipalilia." Tukacheka, na mimi nikiwamo. Kukojoa kukawa shida, ukakaa muda mrefu nyuma ya nyumba. Tukasema ni kidonda. Halafu lile kaa la moto likaangukia mguu wako pale mlipokuwa mnaota, ngozi ikaungua mpaka harufu ikasikika, nawe uliendelea kuzungumza. Wenzako waliitangaza habari hiyo kijiji kizima kama ushindi wa vita. Mwita haungui!

Mwanangu, hukuwa unavumilia kaa lile. Hukulisikia. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na katika kijiji kizima hapakuwa na mtu aliyeyatenganisha, wala mimi ninayelipwa mshahara kwa kuwafundisha watoto kutenganisha mambo.

Ni mpaka wenzako walipopona wakaanza kukimbia tena, nawe ukawa unaburuta vidole vya miguu kwenye vumbi kama unayechora mstari, ndipo tulipotishika. Na hata hapo tuliishughulikia miguu. Mguu ndio ulioanguka, basi mguu ndio tuliouchanja chale, tukaukanda kwa mafuta, tukaufunga dawa. Nami nilikuwa nakuamuru usimame utembee kutoka ghala hadi zizini, ukishika bega langu, eti misuli isilale. Ningekuwa nimeulizwa na mwanafunzi kwa nini taa haiwaki ningemwambia atazame mafuta kabla ya kulaumu kioo. Kwako sikukumbuka.

Unaikumbuka siku ya hospitali ya misheni, lakini ulikuwa umelala ukitazama dari, na mengine hukuyaona. Nitakueleza nilivyoona mimi. Uliona aibu kwamba daktari ni mama. Ulimwamkia shikamoo ukitazama ukutani. Alikusimamisha, mimi na Chacha tukikushika makwapa, akaangusha ufunguo wake sakafuni akasema, "Niokotee."

Ukachuchumaa wima kama kawaida yako.

Daktari akanigeukia. "Umeona nini, Mwalimu?"

Nikasema, "Nimeona kijana mwenye adabu."

Akasema, "Mimi nimeona mgongo unaokataa kukunjwa."

Kisha akakulaza kifudifudi, akashuka na kidole pingili baada ya pingili, akigonga polepole, na alipofika katikati, chini kidogo ya mabega, mwili wako wote uliruka. Pale pana kinundu. Mama yako alikuwa akikuogesha ulipokuwa mdogo na hakikuwepo. Tangu umekuwa mkubwa, nani angekutazama mgongo? Akakugonga gotini kwa kinyundo cha mpira, mguu ukarusha teke ambalo nusura limpate. Akausukuma wayo juu, mguu ukaanza kupigapiga wenyewe kama mguu wa mbuzi aliyechinjwa. Chacha, aliyekuwa amesogea dirishani, akapiga kelele, "Si mlisema miguu imekufa? Mbona inacheza?"

"Inacheza bila ruhusa ya kichwa," daktari akasema. "Hilo ndilo linalonitisha."

Alinieleza baadaye nje, nami nakueleza wewe kwa sababu mwili ni wako, na mtu akijua kinachomtokea haogopi vitu visivyokuwepo. Ile kamba nyeupe laini uliyokuwa ukiivuta kwenye uti wa mbuzi tukichinja, ukaitundika shingoni mwa dada yako ili akimbie: kila mtu anayo. Inatoka kwenye ubongo, inashuka katika tundu la pingili za mgongo, na kwa njia yake kichwa kinaiamuru miguu, na miguu inakipelekea kichwa habari za moto na mwiba. Miguu yako haina ugonjwa hata kidogo. Pingili mbili hivi za mgongo zimeliwa kwa ndani na kifua kikuu, zimeporomoka kama ukuta uliotafunwa na mchwa, na usaha umejikusanya pale ukaibana kamba. Ndiyo, kifua kikuu. Tulidhani hukaa kifuani tu. Daktari anasema husafiri katika damu na kutulia kwenye mfupa kimya kimya, pengine miaka.

Nikamuuliza kama ana hakika. Hakujifanya kujua zaidi ya anavyojua. Alisema kamba ile inaweza kubanwa na mengi: mtu akianguka kutoka juu ya paa akavunja pingili, au uvimbe ukiota ndani, au jipu la ghafla. Lakini kijana wa umri wako, maumivu ya miezi, jasho la usiku, kukonda, kinundu mahali pamoja: kwake hayo yanaelekeza upande mmoja. Mwanza watapiga picha ya mifupa, ndipo tutakapojua. Nimeishika hiyo "ndipo" kama mtu anavyoshika kamba ya pantoni.

Umeupata wapi ugonjwa huu? Nilitaka jibu moja. Akasema huenda ni maziwa yasiyochemshwa, kwa kuwa kuna ng'ombe wanaougua hivyo, au huenda ni mtu aliyekuwa akikohoa karibu nawe siku nyingi. Nilijua unamjua mtu huyo. Ulilala nyumba moja na babu yako tangu ulipoacha kunyonya hadi tulipomzika. Ulikuwa ukimwashia moto. Ulimwona akitema na kufunika kwa majivu haraka, akikuambia ni ugoro. Mimi pia nilimwona. Nilisema uzee.

Usimchukie. Hakuna aliyekupenda kama yeye. Pengine alikuachia ugonjwa huu na pengine sivyo, daktari hawezi kusema. Ila kuna kingine alichokuachia kwa hakika, nacho ni kule kufunika kwa majivu. Nami ndiye niliyekuwa katikati, nikipokea kwa baba na kukabidhi kwa mwana.

Sasa nifike kwenye pini. Daktari alianza vidoleni akapanda juu taratibu, akikuchoma kidogo kidogo.

"Unasikia?"

"Ndiyo."

"Funga macho. Sasa?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Ndiyo, nasikia sana."

Mwita, hakuwa amekugusa. Pini ilikuwa hewani. Alinitazama juu ya miwani yake na uso wangu ukapata moto kama uso wa mzazi aliyeitwa shuleni. Nje aliniambia, "Kijana wako ananijibu kama anajibu mtihani. Anataka kufaulu. Mwambie mimi sitoi maksi. Akinidanganya nitamtibu mtu mwingine, asiyekuwepo, na yeye atabaki kitandani."

Ndipo nikamuuliza lile ninaloliuliza kila ninapofumba macho: atatembea?

Akaokota jiwe lililokuwa njiani, chini yake majani yalikuwa ya njano yamelala. Akasema, "Haya yamekandamizwa. Ukiliondoa jiwe mapema yanarudi kuwa mabichi. Ukichelewa hayarudi. Kwa kuyatazama tu leo huwezi kuniambia yapi yatarudi." Basi. Hakuahidi. Nilimpenda na nikamkasirikia kwa kutoahidi.

Kuna dawa sasa ambazo babu yako hakuwa nazo. Zimekuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Sindano za kila siku, na vidonge, kwa miezi mingi. Utalazwa kwenye kitanda cha plasta ngumu kilichofinyangwa kwa umbo la mgongo wako, usigeuke peke yako wala kukaa, ili mfupa upate kutulia na kuungana. Watakugeuza wao, kwa kufuata saa, hata kama huoni haja, kwa kuwa ngozi isiyosikia huoza kwa kulaliwa mahali pamoja na mwenyewe asijue. Na kila baada ya siku kadhaa watakuja na pini. Wataweka alama mahali unapoanzia kusikia. Alama ikishuka kuelekea miguuni, jiwe linaondoka, watakuacha na dawa. Ikipanda kuelekea kifuani, jiwe linazidi kukandamiza, itabidi wakupasue ubavuni haraka watoe usaha. Haraka, mwanangu. Hapo siku moja ina maana.

Umeona sasa kwa nini naogopa "sijambo"? Picha itawaonyesha mfupa. Kamba haionekani kwenye picha. Mtu pekee anayeweza kuwaambia kamba inasemaje ni wewe, na wewe tumekulea usiseme.

Najua linalokuuma zaidi ya mgongo. Ulimwambia mama yako, naye akaniambia, usimkasirikie. Ulisema, "Juzi nimefanywa mwanaume, leo nikaogeshwe na wasichana wa hospitali kama mtoto mchanga? Afadhali nibaki hapa." Aliniambia nikiwa uani. Ni kweli watakuogesha. Watakuwekea mpira wa kutolea mkojo. Vijana wa umri wako watapita dirishani wakitembea. Sitakwambia si kitu. Nitakwambia tu kwamba nilikusafisha mimi mwenyewe wiki hizi zote, kitu ambacho baba wa hapa hafanyi, na Chacha alinitania mpaka akachoka, na katika kufanya hivyo sikukuona mtoto hata mara moja. Nilikuona mtu ninayemngoja.

Na hili la kusimama bila kutikisika: usidhani nakuambia ulikosea siku ile. Ulisimama vizuri. Hospitali utahitaji utulivu ule ule, miezi badala ya dakika, bila umati wala vigelegele. Mwili wako utulie kama ulivyotulia. Mdomo wako ndio usitulie. Pini ikikuchoma, sema. Isipochoma, sema pia, hata kama muuguzi ni mzuri wa uso na unataka akuone shujaa. Miguu ikianza kurukaruka zaidi usiku, mwite mtu. Pumzi ikiwa nzito, mwite mtu. Ukipata hofu, mwambie mama yako. Anaijua hofu, amekuwa akisikia ndoto zako za fisi tangu mwanzo na hakuziamini hata moja.

Nimeisoma barua hii tangu juu na naona nimefundisha tena kama niko mbele ya ubao. Nisamehe. Ninapohangaika huwa naeleza.

Basi nikuombe kitu kimoja kidogo, cha kesho tu. Kutoka hapa hadi barabarani ambako gari la misheni litatungoja, njia ni mbovu, mvua imeikata mahali pengi. Vijana wanne wa rika lako watakubeba, wale wale waliosimama nawe. Chacha atakuwa mbele akichagua njia na kutania. Mimi nitatembea upande wa kichwa chako. Mlango utainama, haiwezekani usiiname. Utakapoinama na mgongo ukakuchoma, nataka upige kelele. Mbele ya Chacha, mbele ya rika lako, mbele ya wanawake watakaokuwa wamesimama mashambani na majembe wakitutazama. Usiseme sijambo. Sema, "Tata, inauma." Nitainua mkono na wote watasimama, watakuweka chini, tutangoja mpaka uturuhusu. Kama tutafika barabarani jua likiwa utosini, na tufike hivyo. Gari nimeliombea lingoje.

Mwenzako akicheka, nitamjibu mimi. Nimekwisha kuliandaa jibu, na kwa mara ya kwanza si la Kikurya.

Ukiweza kunifanyia hivyo kwenye njia ya Nyamwaga, mbele ya watu wanaokujua, utaweza Mwanza mbele ya wasiokujua, na mimi nitapanda ngazi ya meli kukuaga nikiwa na nguvu za kushuka tena.

Mlango nitaurudisha kutoka Musoma, lakini nimemwambia fundi asiupachike. Nimeusimamisha kichwani mwangu ukiegemea ukuta, unangoja mkono wako siku utakaporudi. Mpaka hapo nyumba italala wazi. Mbwa yupo, na Chacha amesema atalala hapa na mkuki wake, akikoroma kiasi cha kumfukuza mwizi yeyote.

Mama yako ameamka anachochea moto. Wewe umenyamaza huko ndani, na sijui kama ni usingizi au ni kule kunyamaza kwako. Kesho sitakisia tena. Kesho nitasikiliza.

Baba yako